Maswali yenu: notsi zipo kwenye mfumo, mbona hatuingii?

Shikamoo dada. Nipo Muheza, nasoma chuo kwa masafa. Notsi zinawekwa kwenye Moodle, ule mfumo wa chuo wa kusomea mtandaoni, ila mi nasubiri wenzangu wazitupe kwenye grupu la WhatsApp. Ni uvivu?

Marahaba mdogo wangu. Sio uvivu, wala usijilaumu. WhatsApp ushaizoea, bando lake dogo, wenzako wote wamo humo, huko kwingine pasiwedi umesahau, ukurasa unazunguka weee mpaka bando linakata na bumu lenyewe, hela ya mkopo, halijatoka. Mtafiti Fred Davis aliliandika hili tangu 1989, kwamba mtu anapima mambo mawili, hiki kitu kitanisaidia? na kukitumia ni kazi? Kwako faida ipo ila kazi imezidi. Ukija Tanga mjini ambako mtandao una nguvu shusha mafaili ya wiki nzima kwa mkupuo mmoja, ukirudi nyumbani unasoma bila bando. Na grupu usilitegemee kwa tarehe za asaimenti tafadhali, mtu akikosea kufowadi wewe ndo unakula sapu, unarudia mtihani.

Mimi ni mwalimu wa msingi Pongwe, nina miaka 46, nimerudi chuo. Naogopa kompyuta na vijana wananicheka.

Pole mwalimu wangu, na hongera kwa kurudi. Mtafiti Venkatesh na wenzake mwaka 2003 waliona ugumu wa kutumia kitu unamsumbua zaidi mtu mwenye umri na asiye na uzoefu, lakini unasumbua mwanzoni, ukishazoea unapungua. Kwahiyo tafuta mtu mmoja mpole akae na wewe jioni mbili tatu, mouse ushike WEWE, yeye aangalie tu.

Mimi mhadhiri. Tumeweka kila kitu mtandaoni, wanafunzi hawaingii. Tufanyeje?

Samahani mkuu nikuulize kwanza, wewe mara ya mwisho umeingia lini kujibu maswali yao? Mwanafunzi akiuliza mle wiki mbili kimya, harudi tena, atakufuata ofisini au ataacha kabisa. Halafu PDF ya kurasa 90 zilizoskaniwa haifunguki kwenye simu ndogo. Vyuo vilipofungwa Machi 2020 mpaka vikafunguliwa Juni 1, kuna wanafunzi nawajua walikuwa vijijini huko Handeni, hata pa kuchaji simu wanalipia, na mtu kama huyo kumwambia hana mwamko inaniuma kwa kweli. Weka faili nyepesi, jibu ndani ya siku mbili, na zoezi moja lenye maksi lifanyikie humo humo, utawaona.

Tasnifu yangu inahusu mambo haya haya, nitumie modeli ipi?

Ile ya Venkatesh na wenzake ya 2003, ya kueleza kwa nini mtu anakubali kutumia teknolojia, ina mambo manne: faida, urahisi, ushawishi wa watu na mazingira wezeshi. Ila ilipimwa kwa wafanyakazi maofisini sio wanachuo, usiikopi nzima nzima. Mwaka 2012 waliongeza raha, mazoea na bei, na hapo kwenye bei ndo bando linaingia, anzia hapo, na dodoso lako liandike Kiswahili.