Tumehamisha seva, au tumehamia Linux?

Swali: Msomaji anayeandaa mwongozo kwa wafanyakazi wenzake ameuliza kama sentensi hii ni sahihi: "Tumehamisha seva yetu kutoka Windows Server 2012 na kuhamia kwenda Linux, ambayo ni programu ya bure." Anataka hasa kujua achague kipi kati ya kuhama, kuhamia na kuhamisha.

Jibu: Vitenzi vyote vitatu ni sahihi, ila kila kimoja kina kazi yake, na katika sentensi hii kazi hizo zimeingiliana. Kuhama ni kuondoka mahali; kuhamia, kilicho katika kauli ya kutendea, hutaja mahali pa kufikia; kuhamisha, kilicho katika kauli ya kutendesha, hudai shamirisho, yaani kitu kinachoondolewa. Ndiyo maana "tumehamisha seva" humfanya msomaji aone mashine ikibebwa kutoka chumba kimoja hadi kingine. Ikiwa mashine imebaki pale pale na kilichoondolewa ni Windows Server, yaani mfumo endeshi (programu kuu inayoiendesha mashine), andika "tumebadilisha mfumo endeshi wa seva". Ikiwa mmeandaa seva nyingine na kupeleka humo mafaili, hifadhidata na akaunti za watumiaji, basi vilivyohama ni hivyo, na kitenzi kinachofaa zaidi ni kuhamishia, ambacho hata hukukitaja: "Mafaili yote yamehamishiwa kwenye seva inayotumia Debian" (Debian ni mojawapo ya mifumo endeshi ya Linux). Naisisitiza tofauti hii kwa sababu fundi atakayeusoma mwongozo wako baadaye, akitafuta nakala ya data iliyopotea, atahitaji kujua kama mashine ya zamani bado ipo na diski zake hazijafutwa, au kama mfumo mpya ulisakinishwa juu ya ule wa awali.

"Kuhamia kwenda" ni kurudia, kwa kuwa kitenzi chenyewe kimekwisha kubeba uelekeo. "Tumehamia Linux" yatosha. Ukipenda kutaja pande zote mbili, "tumehama kutoka Windows Server 2012 kwenda Linux" ni Kiswahili safi. Na aliyeondoa Windows Server 2012 akaweka Windows Server 2022, kwa maoni yangu, hajahama popote: amepandisha toleo.

Neno "bure" lina hatari kubwa zaidi, kwa sababu mhasibu atalielewa kuwa hakuna gharama yoyote. Linux ni huria: msimbo wake, yaani maagizo yanayoiunda programu, chini ya leseni ya GPL, uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuurekebisha na kuusambaza. Bei ni jambo jingine kabisa. Debian haitozwi chochote, ilhali taasisi zinazotumia Red Hat Enterprise Linux, mfumo mwingine wa Linux, kwa kawaida hulipia usajili ili zipate msaada na masasisho, ingawa nayo imejengwa kwa programu huria.

Ningeiandika sentensi yako hivi: "Tumehamishia huduma zetu kwenye seva inayotumia Debian, mfumo endeshi huria, kwa kuwa msaada wa Windows Server 2012 ulikwisha tarehe 10 Oktoba 2023, isipokuwa masasisho ya usalama ya kulipia." Sababu ikitajwa hivyo, huhitaji kuuita mfumo ule "mkongwe" wala "uliopitwa na wakati", maneno ambayo hayamwelezi msomaji kasoro iko wapi.

Nina ombi moja zaidi kuhusu herufi kubwa. Katika Windows, kwa kawaida, Mishahara.ods na mishahara.ods ni faili lile lile. Katika Linux hayo ni mafaili mawili tofauti. Kanuni yetu ya kuanza sentensi kwa herufi kubwa inaweza hapo kumpoteza mtumiaji anayenakili jina kama lilivyoandikwa. Usianze sentensi kwa jina la faili; tanguliza neno lingine, kwa mfano "Faili la mishahara.ods limo kwenye folda ya uhasibu", na jina lenyewe liandikwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye seva.