Binti Yangu Amelemewa: Je, Hofu Yake ni Kukosa Imani?

SWALI: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama wa hapa Rau, Moshi. Binti yangu ana miaka 16, yuko kidato cha nne, na tangu matokeo ya mtihani wa majaribio yatoke hapati usingizi. Akishika daftari, mikono inatetemeka. Kwenye mkesha mmoja aliambiwa kwamba hofu hiyo ni dhambi, kwamba anayesali kwa imani halemewi, akapangiwa kufunga siku tatu. Sasa anasema hata kusali anaogopa. Nimfundisheje kumgeukia Mungu? Na nikimpeleka kwa daktari, nitakuwa nimekosa imani?

JIBU: Amina, mama. Nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, na lililonichoma ni hilo la mtoto kuogopa kusali. Kwamba Mkristo amwite Mungu siku ya shida, juu ya hilo mimi na wewe hatuna ubishi. Ninachokikataa ni mafundisho aliyopewa mkeshani.

Ati anayesali kwa imani halemewi. Basi Paulo alikuwa hasali? Maana anawaandikia Wakorintho kwamba huko Asia “tulilemewa mno kuliko nguvu zetu, hata tukakata tamaa ya kuishi” (2 Kor. 1:8). Na Bwana mwenyewe, aliyewaambia wanafunzi kule Gethsemane kwamba roho yake ina huzuni nyingi kiasi cha kufa, nani atathubutu kumwita mwenye dhambi? Wanaofundisha hivyo hukimbilia Wafilipi 4:6, “Msijisumbue kwa neno lo lote”, wakaishia hapo kana kwamba aya imekatika, ilhali Paulo anaendelea kusema haja zetu zijulishwe Mungu kwa kusali na kuomba. Asiye na mzigo haonyeshwi mahali pa kuutua. Kuligeuza neno hilo kuwa mashtaka ni kumpokonya mgonjwa mkongojo wake na kumchapa nao.

Kuhusu kufunga, soma 1 Wafalme 19. Eliya amechoka hata anaomba afe, amelala chini ya mretemu, na malaika anayetumwa kwake hamkemei wala hamhubirii. Anamgusa na kumwambia ainuke ale, na pale kichwani pana mkate uliookwa juu ya makaa pamoja na maji. Akala, akalala tena, akaamshwa ale mara ya pili. Binti asiyelala kuongezewa njaa ni kosa, nasema waziwazi, hata kama aliyempangia alikuwa na nia njema. Mpikie, ale.

Sasa kumfundisha. Vijana wetu hutusikia tukisali kanisani dakika 10 kwa maneno mazito, wakadhani asiyeweza hivyo hajasali. Mwaka mmoja niliwapa wanafunzi wa kipaimara vikaratasi, kila mmoja aandike sala yake bila jina. Vingi vilianza kwa “Baba wa rehema na neema”, kama wanavyotusikia. Kimoja kilikuwa na maneno mawili tu: “Mungu, nimechoka.” Kalamu ilikuwa imekandamizwa hadi karatasi ikatoboka. Nimekihifadhi ndani ya Biblia yangu kwenye Zaburi ya 13, kwa kuwa Daudi naye anaanzia hapo hapo: “Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?” Zaburi ya 88 ndiyo kabisa, inaishia gizani bila neno la sifa, na bado ni sala.

Kwa hiyo keti naye kitandani jioni, sali pamoja naye, na sala iwe fupi. Tafadhali usimseme kupitia sala. Sisi wazazi tunapenda sana kumweleza Mungu makosa ya mtoto huku mtoto akisikia. Akishindwa kutamka lolote, mwambie kwamba Roho mwenyewe humwombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa (Rum. 8:26), na kunyamaza kwake mbele za Mungu kusimtie hofu. Martin Luther, mwanamatengenezo wa Kanisa, katika Katekisimu Ndogo, kitabu chake kifupi cha mafundisho cha mwaka 1529, baada ya sala ya jioni anaagiza mtu alale mara moja kwa furaha. Hamwagizi akeshe akijichunguza kama imani yake imetosha.

Kwa daktari mpeleke, tena wiki hii. Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa hapa Moshi mwaka 1971, ni matunda ya makanisa, na Luka anaitwa tabibu mpendwa bila Paulo kuona aibu. Akitamka kwamba amechoka kuishi, usingoje hata kesho, wala usimwache peke yake.

Na ukitangazwa mkesha mwingine kabla ya mtihani wa Novemba, nenda wewe ukipenda. Yeye mwache alale.