Nyekundu Ikitoka Bluu Kwenye Skrini, Usikimbilie Nyaya

Wiki nzima niliamini skrini yangu iko sawa. Maandishi meusi kwenye nyeupe yalisomeka vizuri kabisa. Siku niliyochora alama ya betri iliyoisha chaji, kwa rangi nyekundu, ikatoka bluu. Nikachomoa nyaya zote na kuzichomeka upya. Bado bluu.

Vifaa vyenyewe ni vya kawaida: maikrokontrola (kompyuta ndogo ya chipu moja) ya STM32F4, skrini inayoendeshwa na chipu ya ILI9341, na basi la SPI katikati yake, yaani njia ya kupitishia data biti moja moja. Kila pikseli ina biti 16: tano za nyekundu, sita za kijani, tano za bluu. Nyekundu kamili, kwa namba za heksadesimali, ni 0xF800: baiti mbili (za biti nane nane), F8 ya juu na 00 ya chini. STM32 huiweka kwenye kumbukumbu ikianza na baiti ya chini, yaani 00 halafu F8, ilhali ILI9341 hutaka baiti ya juu itangulie. Ukizituma moja moja jinsi zilivyolala, skrini inasoma 0x00F8, ambayo ni bluu yenye kijani kidogo. Kijani nacho hutoka chekundu, bluu hutoka kijani. Lakini nyeupe ni 0xFFFF na nyeusi ni 0x0000: zipindue upendavyo, ni zile zile. Ndizo zilizonificha kosa.

Kwanza nilibadilisha biti ya BGR, inayobadilishana nyekundu na bluu, kwenye rejista (kisanduku cha mipangilio) 0x36 ya skrini. Nyekundu ikarudi, imefifia kidogo, nikashangilia. Kumbe kijani na bluu zimebadilishana nafasi. Nikahamia biti ya LSBFIRST kwenye mipangilio ya SPI. Hiyo hugeuza mpangilio wa biti, si wa baiti, kwa hiyo hata amri zikafika zimepinduka na skrini ikakataa kuwaka.

Dawa ilikuwa biti ya DFF kwenye rejista CR1 ya SPI, inayoifanya SPI itume biti 16 kwa mkupuo. Inachukua namba nzima na kuanzia biti ya juu kabisa, kwa hiyo baiti ya juu inatangulia bila prosesa kugusa chochote. Ndiyo, prosesa ina amri ya REV16 inayogeuza baiti za pikseli mbili kwa mpigo, lakini skrini nzima ina pikseli 76,800. Kwa nini uilipe prosesa kwa kazi ambayo basi linaifanya bure?

Ila DFF ina masharti. Usiiguse SPI ikiwa imewashwa: subiri BSY (alama kwamba SPI bado inatuma) ishuke, zima SPE (swichi ya SPI), badilisha, ndipo uwashe. Amri za ILI9341 ni za baiti moja, kwa hiyo rudi kwenye biti 8 kabla ya kila amri. Kwenye DMA (kifaa kinachohamisha data bila prosesa), weka ukubwa wa baiti mbili upande wa kumbukumbu na upande wa SPI, kisha punguza kwa nusu hesabu ya NDTR, rejista ya idadi ya vipande vya kuhamishwa, maana sasa inahesabu pikseli. Mimi nilisahau hilo la mwisho. DMA ikapitiliza mwisho wa bafa (eneo la kumbukumbu lenye picha) na kunichorea takataka. Na NDTR inaishia 65,535, kwa hiyo skrini nzima haiingii kwa safari moja.

Ukishawasha DFF, futa kila mgeuzo uliobaki kwenye programu. Nembo yangu iliendelea kutoka na rangi za ajabu huku maandishi yakiwa sawa, nikakaa hadi usiku kabla ya kugundua kwamba zana niliyobadilishia picha ilikuwa imeshageuza baiti zake mapema.

Siku hizi, kabla ya herufi ya kwanza, nachora mistari mitatu: nyekundu, kijani, bluu. Nyeupe naiacha mwisho.