Marejeleo yamegoma: maswali kutoka Mwanza na visiwani

Maswali ya safari hii yote yanahusu sehemu ya makala ambayo watu huiacha hadi usiku wa mwisho: orodha ya marejeleo.

Shikamoo mwalimu. Niko Bugando, natafiti kichocho. Jarida la kwanza lilitaka majina na miaka, likanikatalia. Ninalolihamia linataka namba. Marejeleo yanapita hamsini. Niyaandike upya kwa mkono?

Marahaba. Kwa mkono hapana. Unatoka mtindo wa Harvard (majina na miaka) unakwenda wa Vancouver (namba). Mtindo wa Harvard watu huufuatilia hadi kwa Edward Laurens Mark, mtaalamu wa wanyama wa chuo hicho, na makala yake ya 1881 kuhusu konokono asiye na gamba (si hawa wako wa kichocho). Vancouver ulitokana na kikao cha wahariri wa majarida ya tiba kilichofanyika katika mji huo wa Kanada mwaka 1978. Hapo namba hufuata mpangilio wa kutajwa, hazifuati alfabeti. Ndiyo maana kazi ya mkono inaua: ukiongeza rejea moja kwenye utangulizi, zote zilizo chini yake zinasogea.

Weka Zotero, programu ya kutunza na kupanga marejeleo; ni ya bure. Ukishaingiza marejeleo yako humo, kubadili mtindo ni kuchagua jina lake kwenye orodha. Ila programu hutoa kile ulichoilisha, kwa hiyo kagua mambo matatu. La kwanza ni majina ya majarida. Vancouver huyafupisha, hivyo Tanzania Journal of Health Research inakuwa Tanzan J Health Res, lakini jina la neno moja kama Nature halifupishwi. La pili ni idadi ya waandishi. Kwa kawaida ya majarida ya tiba unaorodhesha sita kisha unaweka et al. (yaani "na wenzao"), ilhali APA, mtindo wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani, toleo la 7, inakutaka uorodheshe hadi 20. La tatu linawaponyoka wengi: rejea inayotokea ndani ya jedwali peke yake hupewa namba kulingana na mahali jedwali lenyewe linapotajwa kwa mara ya kwanza kwenye maandishi. Jedwali kuwekwa mwisho wa faili hakubadilishi hilo.

Na mkiandika wengi, kubalianeni programu moja. Mwenzako akifungua faili kwa programu nyingine na kulihifadhi, namba zinaweza kugeuka maandishi matupu yasiyosogea tena.

Nina majina matatu. Wengine wananinukuu kwa jina la babu, wengine la baba. Nifanye nini?

Chagua umbo moja leo na usilibadilishe tena, kisha jisajili ORCID, ambayo ni namba ya tarakimu 16 inayokufuata popote uchapishapo. Haina malipo. Na wewe ukiwanukuu wengine, andika jina kama makala yao ilivyolichapa. Usimgeuzie mtu jina kwa kuwa unamfahamu kwao.

Mimi ni mtafiti wa samaki, Nyegezi. Nategemea taarifa za zamani za ziwa, zimechapwa kwa taipureta, hazina DOI (ile namba ya kudumu ya kuipata makala mtandaoni). Mhakiki mmoja ameandika kwamba hazifai. Kweli?

Si kweli, na hapa niruhusu nirefushe kidogo. Anayeandika historia ya uvuvi wa Ziwa Victoria akaogopa karatasi zisizo na DOI atalazimika kuanza hadithi katikati. Uchunguzi wa Michael Graham wa 1927 hadi 1928, ambao watu bado wanarudi kwake wakitaka kujua ziwa lilikuwaje kabla ya sangara, ulitoka kama ripoti. Kwa Vancouver unaandika hivi: Graham M. The Victoria Nyanza and its fisheries. London: Crown Agents for the Colonies; 1929. Mwandishi, jina la kazi, mji, mchapishaji, mwaka. DOI ni msaada tu wa kuifikia kazi, si cheti cha ubora.

Kinachomkera mhakiki mara nyingi ni rejea isiyofikika. Kama una ripoti ya mwaka ya kituo cha utafiti wa uvuvi cha Jinja, Uganda, andika jina la taasisi kama lilivyo kwenye jalada la mwaka huo (ilianza kama EAFRO, baadaye ikawa EAFFRO, usizichanganye), mwaka wa ripoti, mji, na kurasa. Kama nakala iko kwenye maktaba moja tu, taja maktaba hiyo. Kama iko mtandaoni, weka kiungo na tarehe uliyoifungua.

Halafu angalia mtego huu. Ukiingiza taasisi kwenye Zotero kama mtu, programu hudhani neno la mwisho ni jina la ukoo. Lake Victoria Fisheries Organization inatoka kama "Organization LVF", na mhariri anacheka. Kwenye nafasi ya mwandishi kuna kitufe cha kubadili sehemu mbili ziwe moja. Kibonyeze, kisha andika jina lote humo.

Programu yangu imeandika "lake victoria" kwa herufi ndogo na Lates niloticus bila mlazo.

Jina la kisayansi lizungushie alama za mlazo ndani ya kichwa cha makala hukohuko Zotero: <i> mbele, </i> nyuma. Herufi kubwa rekebisha hukohuko pia. Ukirekebisha kwenye mswada, programu itakuvurugia tena ikijisasisha. Onyo dogo kwa wa magugu maji: siku hizi mmea huo unaitwa Pontederia crassipes, lakini makala iliyochapwa na jina la zamani, Eichhornia, ibaki na Eichhornia kwenye orodha yako. Kichwa cha mtu hakisahihishwi.

Mzee mmoja mvuvi wa Ukerewe alinieleza jinsi furu, wale samaki wadogo wa ziwa, walivyopungua. Anaingia kwenye orodha?

Inategemea ulimfikiaje. Kama ulimhoji kwa ajili ya utafiti, maneno yake ni data: yanakaa kwenye matokeo, kwa ridhaa yake na bila kumtaja jina, na namna ulivyomhoji inaelezwa kwenye mbinu. Kama mlikutana tu mwaloni mkapiga soga, hayo ni mawasiliano binafsi. APA huyataja ndani ya maandishi pekee, hayaingii kwenye orodha. Majarida ya tiba hayayapendi, na mengine yatakudai kibali cha maandishi. Ushauri wangu: kama hoja yako inamtegemea yeye, rudi ukamhoji ipasavyo.

Niliiomba akili bandia marejeleo kumi kuhusu dagaa. Matatu siyaoni popote. Nitumie saba yaliyobaki?

Bado usiyatumie. Programu hizi huunganisha maneno yanayoelekea kufuatana, kwa hiyo mwandishi anaweza kuwa wa kweli, jarida la kweli, na makala isiwepo. Wakati mwingine DOI inafunguka vizuri kabisa, ila inakupeleka kwenye makala ya mahindi. DOI ya kila moja ya hizo saba ibandike baada ya https://doi.org/ au tafuta kichwa chake kwenye Crossref, hifadhi ya mtandaoni ya taarifa za makala zenye DOI. Ukiipata, isome. Makala kuwepo ni jambo moja, kusema ulichodai inasema ni jingine, na hilo la pili hakuna programu itakayokubebea.

Makala niliyoinukuu imeondolewa na jarida.

Itoe, isipokuwa kama unazungumzia kuondolewa kwenyewe, na hapo useme wazi kwamba iliondolewa. Wa samaki wanakumbuka ile ya Science ya 2016 kuhusu vipande vya plastiki na vifaranga vya samaki, iliyoondolewa 2017. Zotero hukuonya kama rejea ya namna hiyo imo kwenye maktaba yako.

Mhariri ameniandikia "fuata mtindo wetu" basi.

Fungua makala yao ya karibuni kabisa, tafuta rejea ya kitabu, ya jarida na ya tovuti, uige hadi nukta. Lakini kwanza soma maelekezo yao kwa waandishi: majarida mengi siku hizi hukubali mtindo wowote kwenye uwasilishaji wa kwanza, mradi ulingane mwanzo hadi mwisho.