Nyota Isiyo na Jina

Swali lenu la wiki hii linasema: "Nani katika ukoo wenu aliwahi kuvaa magwanda ya jeshi, na mlijuaje?" Sehemu ya kwanza naijibu kwa pumzi moja. Mjomba wa babu yangu alikuwa mpagazi katika Vita Kuu ya Kwanza, babu mwenyewe alikuwa askari wa Keya (KAR, jeshi la Waingereza la askari Waafrika wa huku kwetu) akapigana Bama, yaani Burma, Myanmar ya leo, na baba mkubwa aliingia Uganda na jeshi letu la Tanzania mwaka 1979, katika vita dhidi ya Idi Amin. Hiyo ya pili, ya kujuaje, ndiyo iliyonikalisha chini niandike, kwa sababu imenichukua miaka sita na bado naendelea.

Nilianzia kwenye medali. Shangazi alifungua sanduku lake la bati, akatoa kitambaa kilichopigwa fundo, akalifungua fundo kwa meno. Ndani mlikuwa na nyota ya ncha sita, rangi ya shaba iliyofifia, katikati taji na herufi za mfalme wa Uingereza, na kuzunguka hapo maneno ya Kiingereza yanayosema Nyota ya Bama. Utepe ulikuwa umeliwa na nondo, ila mstari mwekundu wa katikati ulikuwa bado unaonekana. Niliipokea kwa mikono miwili, kisha nikaigeuza haraka kutafuta jina. Nyuma palikuwa patupu, laini kama ukucha.

Nilidhani babu alidhulumiwa. Kumbe medali za Waingereza za Vita Kuu ya Kwanza zilipigwa namba na jina la mwenyewe ukingoni, lakini za vita ya pili ziligawiwa bila jina, hata kwa askari wao wenyewe. Tofauti ni kwamba mjukuu wa askari wa Uingereza huandika barua kuomba faili la babu yake. Mimi sikuwa hata na namba ya kuandika kwenye barua hiyo. Cheti alichopewa babu siku ya kuachishwa jeshi kilikwenda na nyumba iliyoungua kabla sijazaliwa.

Basi nikamrudia shangazi. Mara ya kwanza nilikuwa nimemuuliza batalioni, kombania na cheo, na kila swali alijibu, "Mwanangu, hayo mimi sikuyajua." Safari hii nikamwomba anieleze tu alichokuwa akikiona utotoni. Akafumba macho. Akasema babu alikuwa na koti zito ambalo bibi aliwafunikia watoto usiku wa mvua, na kwenye bega la koti hilo palikuwa na kichwa cha kifaru. Alikuwa akikigusa kwa kidole gizani mpaka usingizi umchukue.

Kichwa cha kifaru ilikuwa nembo ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Sijui kama nitaweza kuwaeleza furaha niliyoipata siku nilipoiona nembo hiyo kitabuni. Katika divisheni hiyo mlikuwa na batalioni mbili za Keya kutoka Tanganyika, ya 26 na ya 36, kwa hiyo kama babu alikuwa askari wa miguu, alikuwa katika mojawapo ya hizo. Mwaka 1944 walishuka bonde la Kabaw katikati ya masika ya kule, wakiwafuata Wajapani waliokuwa wakirudi nyuma, kwenye matope na malaria na homa ya utitiri wa vichakani. Desemba walifika Kalewa, wakavuka mto Chindwin. Babu hakuwahi kuwasimulia watoto wake risasi hata moja. Alisimulia mvua. Alisema huko mvua hainyeshi, inamwagwa, na mtu analala amekaa, bunduki imelazwa mapajani isiguse maji.

Na shangazi akaongeza jambo ambalo hamtalikuta kwenye nyaraka yoyote. Mpaka mwaka aliokufa, kila alfajiri babu alikunja blanketi lake likawa mraba kamili, kingo zimekutana, akaliweka kichwani mwa kitanda, akalipiga kofi moja. Hakuna aliyeruhusiwa kumsaidia.

Kumbukumbu za kila siku za batalioni za Keya zimehifadhiwa Uingereza, katika nyaraka za taifa lao zilizoko Kew. Nilipata nakala za kurasa chache kupitia mtu aliyesoma huko. Nilizisoma kwa hamu, kisha kwa uchungu. Ofisa akijeruhiwa, ameandikwa kwa jina. Askari wetu wakijeruhiwa, imeandikwa idadi: wawili, watano, mmoja. Niliukalia ukurasa mmoja jioni nzima, nikiitazama ile "mmoja". Mmoja alikuwa na mama yake.

Nikienda nyuma zaidi giza linazidi. Ile vita ya kwanza ilifika kwetu Morogoro mwishoni mwa Agosti 1916, Waingereza walipouteka mji na Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea kusini. Huku kwetu farasi, nyumbu wa mizigo na ng'ombe waliuawa na mbung'o, kwa hiyo risasi, unga na majeruhi vilibebwa vichwani na mabegani mwa watu. Mjomba wa babu alichukuliwa wakati huo. Wazee hawasemi alijiunga, wanasema alikamatwa. Alipelekwa upande wa Rufiji, na mwanzoni mwa 1917 mvua kubwa ikaujaza mto, chakula kikakatika, wapagazi wakafa kwa njaa, kuhara na homa. Hakurudi. Hatuna kaburi, na hatuna siku ya kufa kwake.

Hesabu inayotajwa mara nyingi ni kwamba wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yake walikuwa kama 95,000. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, na sisi tukaligeuza jina hilo likawa Kariakoo. Watu wanakwenda Kariakoo kila siku kununua vitambaa na vyombo, na kila mara natamani mmoja wao asimame kidogo alisikie lile neno analotamka. Sanamu ya Askari pale katikati ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa 1927, inawataja wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Maandishi ya ile ya Nairobi, ya 1928, yanaahidi kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Majina yenyewe hayakuandikwa kwenye sanamu hata moja. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tume iliomba radhi. Mimi niliipokea radhi hiyo kwa moyo mmoja, nikazidi kutafuta.

Kuna kisa ninachokipenda cha askari waliokuwa upande wa pili. Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi ilikubali kuwalipa wazee waliomtumikia Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku kwetu katika ile vita ya kwanza. Inasimuliwa kwamba keshia alifungua ofisi Mwanza, wazee wakaja kwa mamia, lakini wachache tu walikuwa na cheti. Keshia akampa kila mzee ufagio badala ya bunduki, akaanza kutoa amri za kwata kwa Kijerumani. Wanasema hakuna hata mmoja aliyekosea. Nikikumbuka blanketi la babu, nakiamini kisa hiki.

Kwa anayetaka kuanza, nitasema lile lililonigharimu muda mwingi. Nilikuwa natafuta jina la babu kwa jina la baba yake, kwa sababu karani wa jeshi aliandika fulani bin fulani. Kwetu Uluguru ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Mtu akiulizwa na karani mgeni, mezani, na foleni ndefu nyuma yake, baba yake ni nani, hakuna ajuaye alilitaja jina la nani. Halafu karani huyo alisikia L akaandika R, au akaongeza irabu aliyoizoea kwao. Andika kila namna jina linavyoweza kusikika, pamoja na la mjomba. Vitabu vya ubatizo vya misheni navyo vinasaidia, na majina ya watoto pia: wapo wengi nchi hii wanaoitwa Vita, na jina hilo ni tarehe. Shangazi yangu mwenyewe alipewa jina la vita, na ndivyo tulivyojua babu alikuwa bado hajarudi alipozaliwa.

Juu ya baba mkubwa nitasema machache, kwa sababu yupo hai na hajaniruhusu zaidi. Amenieleza daraja la Kyaka, kwenye mto Kagera, lilivyokuwa limevunjwa, na jinsi walivyosikia redioni kwamba Kampala imechukuliwa, tarehe 11 Aprili 1979, wakati yeye anatibiwa mguu. Nikiuliza juu ya wenzake waliozikwa Kaboya, kwenye makaburi ya askari mkoani Kagera, anainuka kwenda kuangalia mbuzi. Simfuati. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, anavaa shati jeupe na kukaa peke yake barazani mpaka jua limepanda.

Mwezi uliopita nilimpelekea shangazi karatasi niliyoandika majina yote tuliyokwisha kuyapata. Alinisikiliza nikisoma, mpaka nikafika pale nilipoandika "mjomba wa babu, mpagazi, jina halijulikani." Akanishika mkono. "Nani kakwambia halijulikani? Si ndilo alilopewa baba. Alizaliwa wakati wanamngoja mjomba wake arudi, wakamwita kwa jina lake."

Kwa hiyo jina ambalo hakuna aliyeliandika Rufiji lilivuka bahari miaka 27 baadaye, likashuka bonde la Kabaw ndani ya koti lenye kifaru. Nilichukua kalamu nikalijaza palepale. Shangazi alikuwa keshamgeukia mjukuu wake aliyekuwa akicheza uani, mtoto wa miaka minne, akamwita kwa jina hilohilo aje anawe mikono.