Someni kama kaka yenu

Mdogo wangu, habari za hotuba ya Baba Mdogo kule Machame, kwenye kipaimara cha mwanawe, zimenifikia. Ati someni kama kaka yenu, alikuwa wa kwanza darasani, leo anahesabu pauni. Na wewe ukadaka hapo hapo, unauliza kama mzee auze kipande cha kihamba, shamba letu la ukoo, uje kusoma huku Uingereza.

Nilipomfuata shemeji yako Leeds, wasifu wangu niliujaza mbwembwe zote: shahada ya uchumi, Mlimani, daraja la kwanza. Miezi minne kimya. Shemeji yako akasema, "Futa hiyo digrii." Nikaifuta, nikaishia kidato cha sita. Wiki hiyo hiyo nikaitwa kulea wazee. Kima cha chini hapa, Aprili 2025, kilipanda hadi pauni 12.21 kwa saa. Kima hicho cha chini ndicho ninacholipwa, sawa na dada wa hapa aliyeacha shule akiwa na miaka 16.

Mambo haya nilifundishwa darasani, ndicho kinachoniuma. Mchumi Michael Spence aliyaandika mwaka 1973, akapata Nobeli 2001: mwajiri haioni akili yako, anaona cheti, anakichukua kama ishara. Swali hilo nilipata A. Sikuwaza kwamba ishara inataka mtu anayeweza kuisoma.

Juzi namvua soksi mzee mmoja, alikuwa mwalimu wa hesabu, miguu imevimba, ngozi inabanduka na soksi. Akanitega: kumi na saba mara kumi na tatu? Nikajibu mia mbili ishirini na moja, mguu wake mkononi. Akanitazama sana. "Ungesoma wewe, ungefika mbali." Nikamvalisha soksi nyingine.

Kihamba kisiuzwe! Mwanafunzi anaruhusiwa kazi saa 20 tu kwa wiki wakati wa masomo. Ada utailipa na nini? Kaka yetu aliyepata ziro anauza spea Majengo na ameshapaua nyumba, mbona hotuba haikumtaja? Lakini usiache shule, nitakukasirikia. Soma kitu chenye usajili. Shemeji yako ni muuguzi, alifanya mitihani ya huku akasajiliwa, mshahara wake unanipita mbali. Ukipata ufadhili, njoo hata kesho, kitanda utachukua changu.

Na ile ada ya Januari, Baba Mdogo aliyonisifia mbele ya watu, ilitoka kwa shemeji yako. Hilo usimwambie.