Maswali yenu: kusoma fantasia za vijana bila aibu, na kuziandika bila woga

Safari hii barua nyingi zimetoka kwa wapenzi wa riwaya za fantasia za vijana, na karibu kila wa pili ananong'ona mwishoni kwamba naye anaandika ya kwake. Nimechagua saba. Nilizozijibu kwa urefu ni zile ambazo hata baada ya kuzifunga ziliendelea kunizunguka kichwani.

Shikamoo dada. Nina miaka 34, nina watoto, na bado nasoma riwaya za vijana zenye majoka na wachawi. Kazini wananicheka, eti nikue. Nina tatizo?

Marahaba, mdogo wangu. Huna tatizo lolote.

Mwaka 1968 Ursula K. Le Guin alitoa A Wizard of Earthsea, baada ya mchapishaji kumwomba kitabu cha wasomaji waliokwisha kupita utoto. Humo yumo Ged, kijana mwenye kipaji kikubwa na kiburi kinachokizidi kipaji. Anataka kumwonyesha mwenzake shuleni kwamba yeye ni zaidi, na katika kujionyesha huko anafungulia kivuli kinachoanza kumwinda. Niliposoma mara ya kwanza nilikuwa msichana, na nilikiogopa kivuli. Nimesoma tena nikiwa mtu mzima, nikamwogopa Ged mwenyewe, kwa kuwa sasa najua mtu anavyoweza kuharibu miaka yake kwa dakika moja ya kutaka kuonekana. Kinavyokwisha sikwambii.

Riwaya za vijana hukaa sana kwenye mambo ya mara ya kwanza: kupenda, kusalitiwa, kugundua kwamba wazazi nao hukosea, kuchagua upande na kuulipia. Nani kakwambia mambo hayo hukoma mtu akifikisha miaka 18? Soma. Na wakikucheka tena, msimulie mmoja wao sura unayoisoma, ukifika penye utamu nyamaza. Atakufuata kukiazima.

Mwalimu, nina miaka 16. Sura tatu za mwanzo za riwaya yangu nimeziandika mara saba. Kila nikifika ya nne naona mwanzo haufai, narudi nyuma. Nifanyeje?

Nenda sura ya nne, mwanangu. Ya tatu iache na kasoro zake.

Nitakueleza kwa nini. J.R.R. Tolkien alianza kuandika The Lord of the Rings mwezi Desemba 1937 bila kujua vizuri anakoelekea. Wahusika wake wadogo wakafika kwenye nyumba ya wageni katika kijiji cha Bree, wakamkuta mgeni amekaa pembeni anawatazama. Sisi tuliosoma tunamjua huyo: ni Aragorn, mrithi wa kiti cha ufalme. Lakini katika rasimu za mwanzo alikuwa hobiti, mfupi kama wao, jina lake Trotter, na amevaa viatu vya mbao. Tolkien mwenyewe hakujua huyo mtu ni nani wala ametoka wapi. Hata hivyo hakukaa pale kijijini mpaka amjue. Aliandika, akafumua, akaandika tena, akasonga mbele naye, na kazi nzima ikamchukua takriban miaka 12 kuimaliza. Kitabu kilitoka kwa juzuu tatu kati ya 1954 na 1955.

Wewe sasa unajaribu kumtambua mfalme wako ukiwa bado sura ya tatu. Hutaweza. Atajitambulisha huko mbele, na siku hiyo ndipo utakapojua sura ya kwanza ilitakiwa kusema nini.

Kwa hiyo fanya hivi. Weka daftari dogo kando. Ukifika sura ya tano ukagundua shujaa wako alistahili kuwa na dada, usirudi kumpachika. Andika daftarini: "Sura ya 1, mpe dada." Kisha endelea kuandika kana kwamba huyo dada yupo tangu ukurasa wa kwanza. Mwisho wa rasimu daftari litakuwa limejaa, na hapo ndipo utakaporudi mwanzo, mara moja, ukiwa na orodha mkononi.

Ukiandika maneno 300 kwa siku, siku tano kwa wiki, baada ya wiki 52 unayo 78,000. Hiyo ni riwaya kamili ya vijana, na maneno 300 ni pungufu ya ukurasa mmoja uliopigwa chapa bila kuachanisha mistari.

Tena, ile aya uliyoniambatanishia, ya mvulana anayesikia kabati likimwita kwa jina la babu yake marehemu: mimi nilitaka kulifungua lile kabati. Usiiguse tena. Twende ndani.

Shujaa wangu ana nguvu za kufanya kila kitu. Rafiki yangu kausoma mswada, anasema unachosha. Mbona uchawi upo tele?

Ndiyo maana unachosha. Uchawi ukiweza yote, msomaji hana la kuhofia.

Mkumbuke Fumo Liongo. Mkuki haumwingii, mshale haumdhuru. Angekuwa hivyo tu, habari zake zingekwisha zamani. Kilichozibeba karne zote hizi ni ile sindano ya shaba: akichomwa nayo kitovuni, anakufa. Na siri hiyo wanaijua wachache mno, ndiyo sababu maadui wanamtuma mwanawe mwenyewe kuipeleleza. Udhaifu mdogo kama ncha ya sindano umezaa hadithi nzima ya baba na mwana na usaliti. Hata kifo chake kina nguvu: anapiga goti njiani kwenda kisimani, upinde umevutwa, na watu wanakaa bila maji kwa kuwa wanaogopa kumpita, wasijue kwamba amekwisha kukata roho.

Basi tafuta sindano ya shaba ya mhusika wako. Au mtoze gharama. Chukua mfano huu, nautunga hapahapa: msichana anaweza kuita upepo, ila kila akiuita, neno moja linamtoka kichwani na halirudi. Mwanzoni anapoteza maneno madogo, "ufagio", "kifungo", na anacheka. Siku ya dhoruba anauita upepo ulirudishe jahazi alimo kaka yake. Jahazi linafika. Kijana anashuka, amelowa, anamkimbilia kwa mikono miwili. Yeye amesimama mchangani, kinywa wazi, analitafuta neno la kumwitia.

Sasa akitaka kuuita upepo mara nyingine, msomaji atamshika mkono asifanye. Huo ndio uchawi wenye uzito. Hauhitaji sheria mia. Moja inatosha, mradi usiivunje mwenyewe pale itakapokubana.

Je, ni lazima wahusika wangu wawe na majina ya kizungu na kasri zenye theluji? Fantasia zote nilizosoma ziko hivyo.

La hasha. Nnedi Okorafor aliiweka Akata Witch, ya 2011, nchini Nigeria. Tomi Adeyemi alichota kwenye imani za Wayoruba akatoa Children of Blood and Bone mwaka 2018, na vijana wa mabara yote wakakisoma. Na kabla yao wote, Shaaban Robert alitupa Kusadikika mwaka 1951, nchi nzima iliyoko angani, yenye mfalme, mahakama na wajumbe waliosafiri mbali wakarudi kufungwa.

Kiswahili kimekupa mtaji ambao wengine wanautafuta. Neno "zimwi" halihitaji aya ya maelezo; mtu amelilalia tangu utotoni. "Jini", "nunda", "ruhani", kila moja lina baridi yake. Hata hivyo, kama moyo wako unapenda theluji kwa dhati, iandike theluji. Ninachokuomba ni kwamba uione kwa macho yako, usiinakili kwa sababu umedhani fantasia haikubaliki bila yake.

Kuandika alfajiri na kuandika usiku, kipi bora?

Saa ambayo hakuna anayekuita. Kama ni robo saa, basi ni hiyo robo saa.

Dada, mswada wangu umekataliwa na wachapishaji wanne. Wa mwisho hakusema hata sababu. Nimechoka, nafikiria kuacha.

Pole sana. Najua jinsi barua hiyo inavyosomwa mara tatu, mtu akitafuta kati ya mistari neno la huruma ambalo halimo.

Madeleine L'Engle alikataliwa na wachapishaji zaidi ya 20 kwa kitabu chake A Wrinkle in Time. Kilikuwa na shujaa msichana, sayansi iliyochanganywa na maajabu, na uovu mzito kuliko wengi walivyodhani watoto wanaweza kuubeba. Kilitoka mwaka 1962, na mwaka 1963 kikapewa medali ya Newbery, heshima kubwa ya vitabu vya watoto nchini Marekani.

Lakini sitaki kukutuliza kwa hadithi hiyo peke yake, kwa sababu si kila mswada unaokataliwa umeonewa. Wa kwangu wa kwanza ulirudishwa kwa barua ya mistari miwili. Nililia, nikaufungia sandukuni mwaka mzima. Nilipoutoa nikauona kwa jicho la mtu mwingine: kurasa 40 za mwanzo zilieleza nasaba ya wafalme kabla ya kiumbe yeyote kuinua mguu. Nilizikata zote. Hadithi ilianza ukurasa wa 41, msichana akiwa juu ya paa na wanaomtafuta wako chini yake. Ilikuwa pale siku zote, nilikuwa nimeifukia.

Nawe upumzishe mswada huo miezi mitatu. Katika muda huo soma tu, tena soma kile unachokipenda hasa, kile kinachokufanya usahau kula. Kuna watu wanaokwambia mwandishi aliyekwama aongeze bidii. Mimi nimeona mara nyingi kwamba aliyekwama ameacha kusoma kwa raha. Anasoma kama mkaguzi, akipima kila sentensi. Rudi kuwa msomaji kwanza. Kisha ufungue mswada wako, usome kwa sauti, na popote ulimi unapochoka weka alama. Mpelekee wa tano ukiwa umeshughulikia alama hizo.

Shikamoo mama. Binti yangu ana miaka 13, anasoma fantasia mchana kutwa na ana daftari analolificha chini ya mto. Nadhani anaandika hadithi. Nilisome kwa siri nijue anawaza nini?

Marahaba, mwanangu. Usilisome. Akigundua, hutalipata daftari la pili, na kibaya zaidi huenda lisiwepo.

Mpe njia ya kuja mwenyewe. Mwombe akupendekezee kitabu kimoja kati ya avipendavyo, ukisome mpaka mwisho, kisha mzungumze kama wasomaji wawili. Muulize kwa nini yule mhusika alikosea, na wewe ungechagua nini. Chukulia maoni yake kwa uzito. Mwaka 1936 mchapishaji Stanley Unwin alipopewa mswada wa The Hobbit, alimpa mwanawe Rayner, mwenye miaka 10, ausome na kuandika ripoti, kwa malipo ya shilingi moja. Mtoto akaandika kwamba ni kizuri na kitawapendeza watoto wote wa miaka 5 hadi 9. Kitabu kilitoka 1937. Mtu mzima aliuamini uamuzi wa mtoto, na sisi wasomaji tumefaidi.

Daftari lake likikaribia kujaa, mwachie jipya mezani, bila kusema neno. Na siku atakayokuja nalo mkononi, amesimama mlangoni, nusu anataka kuingia nusu anataka kukimbia, zima simu. Asome mwenyewe, kwa sauti yake. Usimsahihishe herufi, usimuulize kwa nini mama wa kwenye hadithi ni mkali. Akinyamaza katikati, msubiri.